Idi Alivyoficha Begi la Mkorea

Somo yangu Bi Tatu,

Naandika kwa haraka, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Tangu ututoke sina wa kumpelekea maneno yangu. Wewe ndiye uliyenifunda ukanikabidhi kwa Idi, ukaniambia ugomvi wa ndani nisiupeleke kwa mama, nikuletee wewe. Nikakuletea miaka yote, hata tulipohamia huku Sydney. Tukikorofishana tulikupigia simu, nawe unasema, "Niwekeni mezani." Tunakuweka katikati yetu. Kisha unauliza, "Mmekaa? Mimi sisemi na watu waliosimama." Idi alikuwa akininong'oneza kwamba una macho ndani ya simu, lakini anakaa.

Sasa meza ipo, simu ipo, wewe hupo.

Idi anataka kuondoka, Somo. Amepata kazi Perth, upande wa pili kabisa wa nchi hii, na tiketi yake ni ya kesho Jumamosi. Ya mtu mmoja. Hajasema ananiacha, wala hajasema nimfuate. Tangu aanze zamu za ghala kule Wetherill Park hajashika brashi, picha zake amezigeuzia ukutani. Mimi nami nimeacha kuimba kwenye harusi za watu. Tunaishi kama wapangaji wawili. Begi lake liko mlangoni tangu Jumatatu, na nikiwa kazini, namwosha mzee wa watu au namlisha, moyo uko nyumbani: je, nikirudi nitalikuta?

Jana mwenzangu wa kazini, Mkorea mmoja anaitwa Suni, alitupatia tiketi mbili za mchezo wa kuimba wa kwao, wa mchana ule ule. Akaniambia nimchukue mume wangu maana unahusu wasanii wawili. Idi alikubali kuja. Nadhani alichoka kubishana.

Ule si mchezo wa kukaa ukatazama. Hakuna viti vya watazamaji. Unavua viatu mlangoni kama ufanyavyo ukienda kwa watu, unaingia nyumbani kwa mke na mume, unawafuata chumba hadi chumba. Mume mchoraji, mke mpiga piano. Wanaimba Kikorea, na maneno ya Kiingereza yanapita ukutani. Mwanzoni wanapendana, tena karibu yako mno hadi unaona haya. Halafu wakaanza kununiana. Jikoni pale, Somo, mmoja anaosha vyombo na mwingine anapita bila kumgusa, nikaona ni kwangu kabisa. Sikuthubutu kumwangalia Idi.

Mwishowe mke akachukua begi. Anaimba huku analia, anaelekea mlangoni, na sisi watu wazima wote tumekunja mikono tunamtazama tu! Idi hakuweza, unamjua. Akachomoka kwenye kundi, na soksi zake zisizofanana, akasimama mlangoni: "Shemeji, ngoja kwanza. Kaa." Kwa Kiswahili! Akampokea begi, akalificha nyuma ya mgongo wake. Kisha akamgeukia yule mume: "Na wewe, bwana, kaa. Hatusemi na watu waliosimama."

Nilitamani ardhi inimeze. Msimamizi alikuja mbio kumwondoa. Lakini yule mke, sijui ni ufundi wake au ni huruma, alimtazama Idi, akarudi mezani, akakaa. Mumewe naye akakaa. Wakauimba wimbo wao wamekaa, na Idi kando yao amekumbatia begi, machozi yanamtiririka. Mimi pia nililia, nikakukumbuka.

Tulirudi nyumbani kwa treni. Niliogopa kumuuliza. Mtu anayemzuia mke wa mwenzake asiondoke, yeye anaondokaje kwake?

Leo amekwenda zamu yake ya mwisho. Nimelichukua begi lake pale mlangoni nikalisukuma uvunguni, upande wangu wa kitanda. Ulinifunda mengi, hili hukunifunda. Nimelipata kwake mwenyewe. Huenda atakasirika. Huenda atalivuta, alifute vumbi aende zake, na mimi nibaki na picha zilizogeuziwa ukutani. Naogopa, Somo. Nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nimeweka viti viwili. Simu nimeizima.

Pumzika, Somo yangu. Mungu akutie nuru huko uliko. Nilikuwa nikidhani ndoa hii unaishika wewe, na ulipokufa nikaona imekufa nawe. Nakuahidi sitamlilia mlangoni wala sitampigia kelele. Akitaka kwenda aende, lakini kwanza aseme nami.

Nasikia kitasa. Ameingia, amesimama pale pale, analitafuta begi kwa macho. Naiacha kalamu, naenda kumvutia kiti.

Mwari wako,
Zuhura