Migomba ya Mama Tumpe

Kisondela, Jumamosi

Nilikuwa nimeshakata tamaa. Mara mbili mwalimu wangu wa chuo amenirudishia andiko langu kuhusu mikoko, akisema haelewi kaboni inafikaje baharini. Leo nikamweleza mama, huku tukitandaza majani makavu kwenye migomba yetu. Nilianza na kemia. Akanikatisha.

"Kwani majani haya yakioza yanaenda wapi?"

Chini, nikasema.

"Chini kwa nani?"

Akaonyesha shamba la jirani yetu Mama Tumpe, kule bondeni. Miaka yote mama analalamika kwamba yeye ndiye anayetandaza, lakini migomba inayonenepa ni ya mwenzake, kwa sababu maji ya ardhini yanashuka na rutuba yake.

Si ndiyo hiyo hiyo! Majani ya mikoko yanaozea topeni, maji ya ardhini yanabeba kaboni yake na kuimwaga baharini kimyakimya. Sisi tunapima tope tu, halafu tunashangaa kaboni nyingine imekwenda wapi.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika upya, na migomba imo. Naogopa mwalimu ataona ni utoto, lakini...

Jioni Mama Tumpe akaleta mkungu, kama afanyavyo kila akikata ndizi. "Ndaga, asante mama. Mbolea yako hii."

Mama akaupokea, akanigeukia. "Na hiyo bahari, inairudishia mikoko nini?"

Hilo hata mwalimu hajawahi kuniuliza.