Kabati la Kitindamimba Wetu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu, na ile dawa ya kuchua unaitumia, hujaiweka tu dirishani kama kawaida yako. Mimi mwili mzima, ila moyo haupo mahali pake. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka mke wangu amechoka kufagia karatasi. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Kazi yangu unaijua, ingawa jirani zako unawaambia natengeneza vitanda. Vitanda sitengenezi, Mama. Karakana yetu inashughulikia malalamiko ya watu waliohama. Mtu akifikishiwa vyombo vyake akakuta meza imevunjika mguu, analalamika kwa kampuni iliyomhamisha, na kampuni inatutuma sisi tukaangalie. Kilichovunjika njiani tunakirekebisha kwa gharama yao, kilichokuwa kibovu tangu zamani tunakikataa. Watu wana vituko. Kuna bwana alitaka kutubambikia kiti kilichotafunwa na mbwa wake, huku akiapa kwamba ni wapagazi wa kampuni. Ufa wa zamani una weusi na vumbi ndani, ufa mpya ni mweupe na bado unanukia mbao. Kwa hiyo ni vigumu kutudanganya.

Mwezi uliopita msimamizi alinituma kwenye kabati la nguo lililovunjika mlango. Nilipewa namba ya nyumba tu. Nikapiga hodi, akafungua kitindamimba wako. Unakumbuka tangu yeye na mumewe wahame tena hatukujua wanakoishi, na simu yake ilikuwa haipatikani. Nilifurahi, nikamtania kwamba kumbe ili nimwone mdogo wangu lazima kwanza avunje kitu. Alicheka, lakini alicheka ameshika ubavu. Mkweo alikuwa kazini.

Alinipa chai, akanionyesha kabati, akasema wapagazi waliliangusha wakati wa kulishusha garini. Nikachuchumaa kuliangalia. Kabati likianguka huumia kwenye kona na miguu. Hili kona zake zilikuwa nzima. Ubao wa mlango ndio uliopasuka, tena katikati, pale mtu mzima anapofikisha teke. Nikaufungua. Vibanzi vya mbao vilikuwa vimenasa kwenye magauni yake, vingine vimeangukia viatu. Mama, hakuna anayehamisha kabati nguo zikiwa zinaning'inia ndani. Mlango ule ulivunjiwa humo humo chumbani, nguo zikiwa zimeshapangwa. Na nguo zenyewe zilikuwa zimesukumwa upande mmoja. Upande wa pili chini palitandikwa shuka, juu yake mto mdogo. Nikamuuliza nani anakaa humu. Alikaa kitandani akaanza kukunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

Baadaye alisema yote, taratibu, kama anayenisimulia mambo ya mtu mwingine. Kwamba mumewe akipandwa na hasira, yeye huingia humo akashikilia mlango kwa ndani mpaka zishuke. Kwamba wanahama kila majirani wanapoanza kuuliza maswali. Kwamba vinavyovunjika ndani ya nyumba, wanasingiziwa wapagazi. Nilimwambia afungashe tuondoke saa ile ile. Akaniuliza aende wapi. Nikasema nyumbani, kwa mama. Akasema kwa mama alishakwenda. Ndipo nikajua kwamba safari ile alipokuja na mkono kwenye bandeji, sisi wengine akatuambia ameteleza bafuni, wewe alikwambia ukweli, nawe ukamwambia avumilie, ukamsindikiza mwenyewe mpaka kwa mumewe. Sikuandikii haya kukusuta, Mama. Au labda nakusuta. Hata mimi sijui.

Alinisihi niandike kwamba ni wapagazi, maana nikilikataa dai mumewe atajua kuwa kuna aliyesema. Nikaandika, na watu wasio na hatia wakabeba lawama. Kesho yake nikarudi na ubao mpya na bawaba mpya. Nilipokuwa namalizia kupiga msasa, akaniomba kitu kimoja zaidi. Aliomba nimtilie komeo, kwa ndani.

Hapa ndipo kalamu inaponishinda. Nilimtilia. Badala ya kumshika mkono nimtoe mle ndani, mimi kaka yake wa tumbo moja nilichagua komeo la chuma, nikalifunga. Ikabidi tulijaribu. Nikaingia mimi kabatini, nikajifungia, yeye akavuta mlango kwa nje. Kulikuwa na joto na giza, na harufu ya mafuta yake ya nywele. Akaniuliza kama linashika. Nikamjibu linashika, asiwe na wasiwasi. Nilimdanganya, Mama. Komeo lilikuwa zuri, lakini skrubu zilikuwa zimeshika ubao mwembamba. Mateke machache tu lingeng'oka, na mimi ni fundi, nilijua.

Juzi uzalendo ulinishinda. Nilikwenda na mke wangu kumchukua, atake asitake. Tukakuta nyumba tupu. Jirani alisema alimwona akipanda gari la mizigo kwa miguu yake mwenyewe, amejifunika mtandio mpaka machoni, hakuaga mtu. Kabati wameliacha uani. Komeo halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa bisibisi, skrubu moja moja, na zote zimepangwa vizuri kwenye rafu ya ndani. Aliyelifungua hakuwa na haraka wala hasira. Kwa kweli ningekuta limevunjwa nisingeogopa kama hivi.

Kazini kwake mkweo ameacha. Polisi waliniuliza wanaishi wapi, na hilo ndilo nililokuwa nimewaendea. Nimebaki na njia moja. Madai ya miji yote ya jirani yanapitia karakana yetu, kwa hiyo kila asubuhi nawahi kabla ya wenzangu, nayapitia yote. Watu huwaombea ndugu zao wasifikwe na baya. Mimi naomba kitu chao kivunjike. Meza, kioo, kitanda, chochote, ili yule bwana aje kudai, nami nijue mlango wa kugonga. Naomba hivyo huku najua kinachovunja vitu katika nyumba ile. Mpaka leo hawajadai kitu.

Nisalimie Baba na shangazi. Uwasomee barua hii au usiwasomee, utaamua mwenyewe. Akikupigia simu, Mama, usimuulize amemkosea nini mumewe. Muulize yuko wapi.

Mimi mwanao,
Fundi