Kahawa Kutoka Mkono wa Anselimi

Jumanne, tarehe 3 Juni

Leo tena kakalia kile kiti. Cha marehemu mzee wangu. Hodi hakupiga, siku hizi hapigi. Kapita mlango wa mbele, kakaa, kasema, "Shemeji, kahawa iko wapi?" Nikampa kikapu. Wageni walikuwepo, ningefanyaje. Anselimi akawagawia akamwani, zile punje zetu za kahawa, mmoja mmoja. Yeye, mdogo wa marehemu. Kwetu anayegawa kahawa ya kutafuna ndiye mwenye nyumba. Anayepokea ni mgeni. Mtoto yeyote anajua.

Matanga hatujaondoa. Mrithi ni Deo mwanangu, mzee alisema mbele ya ukoo, akili zake zikiwa timamu. Lakini Deo yuko Bukoba mjini na kazi zake.

Kuku wameingia kwenye maharage niliyoanika. Naizima hii simu ninayoisimulia.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Redio inasema kuna nchi wanajeshi wamepora madaraka. Nikamwuliza jirani yangu Mama Stela, alikuwa mwalimu, maana kupora ninakokujua mimi ni kwa mkoba, pale sokoni Kamachumu. Akasema ni kuchukua uongozi usio wako, bila kupewa na wenye kuutoa. Hata bila bunduki? Hata bila bunduki. Hata kwa kucheka na watu? Akaniangalia. "Unamsema nani, waitu, mwenzangu?" Nikaaga. Mama Stela ananunua ndizi kwa Anselimi.

Neno nimelishika lakini. Ukiporwa mkoba unapiga kelele, watu wanakimbiza. Mimi nikipiga kelele wataniuliza kachukua nini. Kiti kipo. Kikapu kipo.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Deo kaja. Nina hasira mpaka nyonga inauma, ingawa nyonga inauma tangu masika. Kamkuta baba yake mdogo kitini, kanyooshewa kahawa, na yeye kapokea. Kwa mikono miwili, kichwa kainamisha, adabu tele. Nyumbani kwa baba yake kapokea kama mgeni. Wazee wawili wameona. Anselimi aliniangalia mimi, siyo Deo. Alikuwa anaingoja hiyo siku.

Nikamwambia Deo, baba yako mdogo amepora madaraka. Akacheka. "Madaraka gani mama, ya migomba?" Ndiyo, ya migomba. Na ya makaburi yaliyomo kwenye migomba. Akishika Anselimi kibanja hiki, nyumba na migomba yake, mimi nitalala wapi? Hapo aliacha kucheka.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimesema kahawa imeisha. Anselimi kashika kikapu kitupu mbele ya mgeni wa kutoka Rubya. Katikisa. Kageuza. Mgeni kaaga mapema.

Mpya nimechemsha na majani yake, inakauka nyuma ya jiko. Mke wa Anselimi alikuja huko huko nyuma kuomba chumvi. Chumvi, na ana duka. Nikatupia kanga juu ya kahawa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Ukoo umekaa hapa kuondoa matanga. Anselimi kitini, kanzu nyeupe kama bwana harusi. Mzee wa ukoo akasema, "Kahawa." Anselimi akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikampita. Taratibu, na nyonga hii, mpaka mlangoni alipokaa Deo. Nikamwekea kikapu mikononi.

Anselimi akasema, "Shemeji umechanganyikiwa. Mimi hapa nakaimu." Mzee wa ukoo akamwuliza, "Nani alikukaimisha?" Akatazama huku na huku. Hakuna aliyeitika.

Deo akaanza na wazee. Akafika kwa baba yake mdogo, akamnyooshea. Anselimi aliitazama ile kahawa muda mrefu. Akapokea. Akatafuna. Halafu akainuka, na Deo akakaa, kiti kikiwa bado na joto.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Ukungu asubuhi. Deo karudi Bukoba. Kiti nimekigeuzia ukutani mpaka atakapokuja.

Mama Stela, kumbe alishabaini ninayemsema, kaniuliza kama Anselimi bado ni yule wa kwenye redio. Nikamwuliza, aliyepora akarudisha anaitwaje? Naye hajui. Na kama karudisha kweli. Mtu aliyezoea kiti hivyo haachi hivi hivi, mimi namwangalia tu. Jana kapita njiani, kasalimia, macho chini. Macho chini ya nini.

Kuna mtu nje. "Hodi, shemeji." Ni sauti yake. Mlango wa mbele uko wazi, na anapiga hodi. Anangoja.

"Hodi."

Haya, naenda.