Mlango wa Nyanya Abigael

Dada Domtila,

Nimechoka, dada. Nakuandikia nikiwa Migori, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la nafaka, miguu nimeitia ndani ya karai la maji ya chumvi. Ungeniona ungecheka, halafu ungeniuliza kama nimekula.

Zile nyumba zako za kaunsil pale Homa Bay zimeisha. Kumi na mbili, za matofali na paa la mabati, juu ya kilima, kwa wale watu ambao ziwa lilipanda likala vibanda vyao. Ulipokuwa hai, ukiwa afisa wa nyumba wa kaunsil, ulimfuata kila mama ukimuuliza anataka jiko wapi, anataka kukaa jirani na nani. Madiwani wakakucheka: "Siku hizi kaunsil inaomba ruhusa?" Ukawajibu, "Ndiyo. Hao ndio watalala humo, si ninyi." Mimi karani wako nilikuwa nyuma na mashine yangu ya kuchapa, naogopa kwa niaba yako.

Homa ikakuchukua kabla msingi haujachimbwa. Ofisi yako ilifagiliwa siku ya tatu. Siku ya tatu, Domtila.

Wakajenga walivyotaka. Milango yote ikatazama barabara, ili mkubwa akipita na gari aone kazi. Siku ya kuhamia, Nyanya Abigael, yule mjane wa kisiwa cha Mfangano, alifika na virago vyake, akaizunguka nyumba mara moja, akaketi nje. Mvua ikaja. Hakuingia. Wengine walipomwona hivyo, nao wakabaki mvuani na watoto wao.

Msimamizi akanituma nikamwingize. Nilimkuta amejifunika gunia. Nilitaka kumkaripia, maana nilikuwa nimelowa na nina njaa. Lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Nikachuchumaa, nikamuuliza.

"Mume wangu alizama, hakupatikana mpaka leo," akasema. "Yuko huko majini. Sasa mimi nimpe mgongo kila asubuhi? Hapana, mwanangu."

Bila shaka wewe alikuambia. Sisi hatukumuuliza.

Sikuomba ruhusa. Nilimwita fundi Okelo, akatoboa ukuta wa upande wa ziwa, akauhamishia mlango huko, akaziba ule wa kwanza kwa matofali. Jioni Nyanya akawasha moto ndani. Wengine nao wakaingia, mmoja mmoja.

Nikapata barua: nimeharibu mali ya kaunsil. Uhamisho, Migori. Na nyumba mbili kati ya zile wamepewa watu wa ofisi, sikuweza kuzuia. Nakwambia yote usije ukadhani nilishinda.

Mama yako ni mzima. Nilipokwenda kumuaga nilimkuta ameweka sahani yako mezani. Akaitazama, akaiondoa. Nikamsaidia kuchambua mboga.

Huku nako wanataka kuwahamisha wauzaji wa soko la zamani. Barua ya kuwahamisha imeshaandikwa, nangojewa mimi niichape. Kesho asubuhi nitakwenda sokoni kwanza, nianze na mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwa, pale langoni. Watanihamisha tena, najua, na sijui nguvu nitatoa wapi. Lakini nakuahidi: haichapwi kabla sijawasikia wote.

Lala, Domtila. Leo nimekulilia vya kutosha. Acha nami nilale.

Mdogo wako,
Perpetua