Saa Kumi Ipi?

Jumatatu, 3 Machi

Ndugu wafanyakazi! Wenzangu wa bega kwa bega! — ndivyo nilivyoanza leo, nimesimama juu ya kreti la sabuni katika chumba cha kufulia cha hospitali, gitaa kifuani, mbele ya wanawake tisa na mlima wa mashuka. Shangazi, msimamizi wao, ndiye aliyeniombea dakika kumi za mapumziko. Jumamosi ninaimba kwenye mkutano wa wanafunzi na wafanyakazi, nami nataka waimbe pamoja nami. Bila wao, wimbo wangu ni hotuba yenye nyuzi sita, basi.

Nikaimba kwa moto wote: "Enyi mliolala, amkeni!"

Kisha mpiga pasi, wanayemwita Bi Mvuke, akauliza kwa upole:

"Mwanangu, nani kalala?"

"Ni… usingizi wa kifikra, mama."

"Aa, huo. Maana huu wa kitandani hatuupati."

Vicheko! Hata Shangazi, aliyenilea, alijifuta machozi kwa foronya.

Jumanne, 4 Machi

Nimekifuta kiitikio. Miaka mitatu ninasomea maisha ya wavuja jasho, na sijawahi kumuuliza Shangazi huamka saa ngapi! Kila asubuhi nimekuta chai na mkate vimefunikwa, nikadhani ndivyo meza zilivyo.

Nimebandika tangazo mlangoni kwao, herufi kubwa kama ilani: MAZOEZI, ALHAMISI, SAA KUMI.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifika saa kumi kasorobo, jua la jioni likinichoma. Mlango umefungwa! Zamu imekwisha, hakuna hata mmoja aliyenisubiri. Wamenikataa. Nikarudi nyumbani nimenywea.

Shangazi alikuwa akichambua mboga, kicheko amekibana mdomoni.

"Msomi, ulikuwa wapi? Tumekungoja."

"Ndiko nitokako! Saa kumi!"

"Saa kumi ipi?"

Lahaula! Kwao saa kumi ni moja tu. Wote tisa walifika alfajiri, kabla ya zamu — na mtunzi wa "Amkeni" alikuwa akikoroma! Shangazi anasema aligonga mlango wangu. Eti nikajibu, "Naunga mkono hoja," nikageukia ukutani.

Basi wakaimba bila mimi. Bi Mvuke akaanzisha, wenzake wakapokea kwa mpigo wa kukung'uta mashuka: "Sisi tulioamka, tunamngoja nani?" Shangazi aliniimbia, kisu mkononi. Mstari huo unaushinda kila nilioandika. Wala si wangu.

"Jumamosi watanikubali?"

"Kawaulize wenyewe. Wanataka kwanza waione sura yako kabla ya jua."

Sasa ni saa mbili tu, nami kitandani. Kengele ya simu nimeitega mara tatu. Viatu nimevaa kabisa. Shangazi amechungulia, ameviona, amenifunika shuka pamoja navyo.

Ndugu zangu! Tunakutana kesho, saa kumi. Ya alfajiri.