Maneno ya Chumba Kimoja

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na kazi ya dobi haikuchoshi mno. Sisi huku tu wazima. Ulilalamika kwamba nakuficha mambo, kwa hiyo leo naahidi kukueleza yote, hata yasiyonipendeza.

Bwana Mdogo anazidi kunenepa. Mwalimu wa chekechea alisema hatampokea mpaka aweze kuomba anachotaka kwa maneno na kupanda ngazi za mlangoni bila kubebwa. Nami sitarudi darasani mpaka apokelewe. Asubuhi nawasikia wenzangu wakipita nje wakibishana juu ya hesabu nisizozijua.

Nesi wa kliniki alinionyesha kosa langu: nilikuwa namwelewa mno mdogo wangu. Akinyoosha kidole tu, kikombe kimefika. Aliniambia nimtajie kila anachokiona, kisha nisubiri, nisimpe kabla hajajaribu kuomba. Mama mdogo alicheka, akasema basi nimefukuzwa kazi ya ukalimani. Lakini nilifuata. Akasema maji, akasema ndoo, mwiko, dirisha, ufagio.

Kisha maneno yakatuishia. Unajua mama mdogo akienda saluni kusuka hutufungia kwa kufuli la nje, tangu mtoto wa jirani alipogongwa na pikipiki hapo mlangoni. Simlaumu, anaogopa. Ila chumba ni kimoja, na vilivyomo vyote tulishavitaja. Mwalimu alipomwonyesha picha ya mti, Bwana Mdogo akasema ufagio. Ngazi alizikodolea macho tu, akanyoosha mikono abebwe. Tukaambiwa turudi muhula ujao.

Sasa lile gumu. Dirisha la nyuma halina nondo. Mama mdogo akishaondoka, nampitisha Bwana Mdogo hapo, namsimamisha juu ya pipa, nami nafuata. Tunakwenda kwenye uwanja nyuma ya ghala, ambako pikipiki hazifiki. Ngazi za ghala alianza kuzipanda kwa magoti, sasa anazipanda kwa miguu, kanishika kidole. Anasema mti, jani, kunguru. Tunarudi kabla kufuli halijafunguliwa.

Jana tukiwa tunakula, alimtazama mama mdogo akasema, wazi kabisa, mbuzi kakimbia. Hakuwa amewahi kuunga maneno mawili, na sikuweza hata kumpongeza. Mama mdogo aliacha kutafuna, akaniuliza mbuzi huyo kamwona wapi. Nilisema namsimuliaga hadithi. Alinitazama kidogo, akaendelea kula. Akijua, ataliziba lile dirisha kwa mbao, alishawahi kusema hivyo. Na dirisha ni neno ambalo Bwana Mdogo analo tayari, amebakisha kuliunga tu.

Mama mdogo anakusalimu sana. Nasi tunakuombea afya, na wasalimie wenzako wa kufulia. Tafadhali usikawie kunijibu hili: nimweleze mama mdogo mwenyewe, au nianze kumfundisha kunyamaza mtoto niliyehangaika kumfundisha kusema?

Mwanao akupendaye,
Binti yako mkubwa