Wametufupishia Jumamosi

Jumamosi, jioni. Upepo wa kiangazi, vumbi hadi kwenye meno, na maharage jikoni bado magumu. Nimekasirika na leo sitajifanya sijakasirika.

Shajara, wamemaliza kuniharibia Jumamosi.

Nianze na Bwana Saidi. Ananunua dhahabu mjini Tarime, na tangu rashi ianze, watu wakakimbilia dhahabu kule machimboni, ndiye anayetuletea mipira na jezi, kwa hiyo kila anachosema kinageuka kuwa sheria. Mwezi uliopita alikuja hapa Nyarero, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama mechi yetu ya mpira wa wavu hadi seti ya tatu huku anapiga miayo. Akasema mechi za kina mama ni ndefu mno. Watu siku hizi wana mambo yao, vijana wanatakiwa kuwahi zamu za jioni mashimoni, nani atakaa kutwa nzima anaangalia mpira? Huko duniani mtindo huo waliuacha zamani, akasema, tumebaki sisi tu.

Mtindo wetu ulikuwa hivi: hupati pointi mpaka mpira uwe umeanzishwa na wewe. Wakianzisha wenzako ukawashinda, unachopata ni zamu ya kuanzisha, basi. Seti ilikuwa pointi kumi na tano, mshindi ni wa seti tatu, na mpira uliweza kwenda na kurudi mpaka watu wakasahau nani anaongoza. Sasa kila mpira unaoanguka ni pointi ya mtu. Seti ni pointi ishirini na tano, na ukishinda seti mbili umemaliza. Ukisikia ishirini na tano unadhani wametuongezea. Wapi! Unabandika wali, mechi inaisha haujaiva.

Kwa wengine labda ni jambo jema. Mimi limeniuma, na naliandika hapa kwenye blogu kwa sababu hapa mama mkwe hafiki.

Mume wangu, Chacha, yuko machimboni tangu kabla ya kupanda. Kila akipiga simu shimo lao litatema dhahabu wiki ijayo. Ng'ombe ninao mimi, shamba ninalo mimi, watoto ninao mimi, na mama yake ninaye mimi. Jumamosi mchana ndio muda pekee ambao mtu akiniita naweza kumjibu kwamba mechi haijaisha. Hakuna aliyewahi kubishana na jibu hilo. Refa hajapuliza filimbi, nifanyeje?

Sasa hata mama mkwe ameshajua. Jumamosi iliyopita nilirudi jua bado kali. Akanitazama kutoka barazani, akasema, "Mmemaliza mapema. Vizuri, ulezi unakungoja."

Nikausaga huo ulezi.

Leo tulicheza na timu ya Sirari, Bwana Saidi akiwa tena kwenye kiti chake cha plastiki. Kapteni wao ni Akinyi, mama wa watoto watatu anayebadilisha pesa mpakani, na mume wake naye kafuata rashi. Seti ya kwanza tuliwafunga sijatoka hata jasho. Ya pili tukafika ishirini na nne, wao ishirini na mbili, na zamu ya kuanzisha ikawa yangu. Pointi moja tu, nyumbani. Nikatazama juu. Jua lilikuwa palepale. Ng'ombe wa watu walikuwa bado wanakula huko bondeni, wala hawana habari ya kurudi.

Nikaupiga mpira kwa nguvu zangu zote. Ukapita mstari, ukaenda kuangukia kwenye mihogo.

Sijui kama nilikusudia. Nadhani nilikusudia.

Akinyi akaanzisha. Mpira ukaja polepole, moja kwa moja kwa jirani yangu Nyamburi, mtu ambaye tangu nimfahamu hakosi mpira. Akautazama ukianguka mbele ya miguu yake. Ishirini na nne kwa ishirini na nne. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho Bwana Saidi hakukifikiria. Mkifungana hapo, sheria yao inasema lazima mmoja aongoze kwa pointi mbili. Haisemi mwisho ni wapi.

Akinyi akaanzisha tena, akapiga wavu. Pointi yetu. Nyamburi akaanzisha, akapiga nje. Pointi yao. Sirari wakapiga nje. Sisi tukapiga wavu. Sirari nje, sisi nje. Naapa hatukupanga. Nilipokutana macho na Akinyi, aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tu. Ni Wegesa peke yake, binti wa timu yetu ambaye bado hajaolewa, aliyekuwa anahangaika. "Jamani dada zangu, tulieni! Tunawapa bure!" Maskini, alikuwa karibu kulia.

Tulipofika ishirini na nane kwa ishirini na nane, Mwalimu Marwa, refa wetu, akashuka kwenye meza anayosimamia.

"Kina mama, mnaumwa mikono?"

"Kwani kuna shida gani, ref?" Akinyi akamjibu. "Sisi hatuna haraka."

Bwana Saidi alikuwa na haraka. Alikwishasimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Akatangaza kwamba pointi inayofuata ndiyo ya mwisho, na kuanzia Jumamosi ijayo atakayetangulia kufika ishirini na tano ndiye mshindi, hata akiongoza kwa moja. Wala hakutuuliza. Hajawahi kukamua ng'ombe yule, nakuhakikishia.

Basi Sirari wakaanzisha, kwa upole kabisa, na mpira ukakataa kuanguka.

Sijawahi kucheza vile maishani mwangu. Nyamburi yuleyule aliyekuwa anaangalia mpira ukianguka alijirusha chini kifudifudi kuuokoa. Mama mmoja wa Sirari aliukimbilia hadi kwenye mihogo, akaurudisha kwa ngumi. Hakuna aliyepiga kwa nguvu. Tuliwarushia mpira vizuri, nao wakaturushia vizuri, huku na huku, huku na huku. Watazamaji mwanzoni walicheka, halafu wakaanza kupiga kelele kila mpira ukivuka. Mikono ilikuwa inaniwaka na nilikuwa nacheka peke yangu. Nikaona ng'ombe wa kwanza wanapita barabarani kurudi nyumbani. Nikaona jua limegusa kilima. Nikawaza, bado kidogo, bado kidogo tu.

Wegesa akaruka. Akaupiga smashi katikati yao, safi kabisa, ukatua mahali ambapo hakukuwa na mtu.

Akapiga vigelegele mwenyewe. Tumeshinda! Akageuka atukumbatie, akatukuta tumesimama tunamtazama, timu yetu na timu ya Sirari, kama kamwaga maziwa. Nikamfuata nikamkumbatia. Nikamwambia hongera, kwa sababu hakuna kosa alilofanya. Kwao wazee wameanza kuzungumza habari za mahari. Mwakani wakati kama huu ataelewa.

Nimefika nyumbani giza linaingia. Mama alikuwa ameshakamua mwenyewe, ameketi na ndoo mbele yake ili niione.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpira gani huo usioisha?"

"Umeisha, mama. Na wamebadilisha tena. Wiki ijayo utaisha mapema."

"Afadhali," akasema, akanyanyua ndoo.

Afadhali! Nimekaa hapa na simu, mikono imevimba, na neno hilo ndilo linalonikera kuliko ya Bwana Saidi yote.

Ila nimezisoma tena hizo sheria zake, ile karatasi aliyotubandikia kwenye mlango wa darasa pale uwanjani, nimeipiga picha. Pointi zimo. Seti zimo. Mapumziko yamo. Kuhusu kufunga wavu hakuna neno hata moja, na mechi haiwezi kuanza wavu haujafungwa. Kamba zetu ni za katani, zinalegea, unazikaza, zinalegea tena.

Jumamosi ijayo wavu nitaufunga mimi. Nitamwita Wegesa anishikie kamba, aanze kujifunza.